Paka amekojolea kinanda, bima imekataa kulipa: wenye vifaa vya muziki na wanyama nyumbani, tuongee

KinandaKahawa (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Mwezi mzima nimezunguka na swali moja na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Sitaki mwingine apite nilipopita.

Naishi Kahawa West, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Chumba kimoja nimekifanya cha muziki: kinanda cha Yamaha chenye vibonye 88, mikisa ndogo (mashine ya kuchanganya sauti), spika mbili, maiki moja nzuri, gita la besi na laptopu. Jumamosi wanakuja wanafunzi watano, jioni za katikati ya wiki narekodi kwaya za mtaani. Vitu hivi sikuvinunua siku moja. Kinanda peke yake nilikilipia shilingi 118,000 mwaka 2022, baada ya kuweka akiba miezi kumi na minne.

Paka nilimleta mwenyewe, na nilimleta kwa ajili ya vifaa hivyo hivyo. Panya wa ploti walikuwa wamenitafunia nyaya mbili za maiki na waya wa adapta. Alipoingia Tausi, panya wakahama. Miaka miwili hakugusa chochote.

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, stima ikapotea Ijumaa usiku nikiwa nafanya mazoezi. Nikatoka kwenda kesha nikaacha kinanda wazi, na dirisha nikaliacha limefunguka kidogo ili Tausi aweze kutoka. Jirani wa chini anasema alisikia paka wawili wakipigana chumbani mwangu usiku wa manane. Ni dume la mtaa lililoingia. Niliporudi alfajiri niliona manyoya sakafuni nikafagia, nikalala. Stima ikarudi saa mbili asubuhi, nikawasha kinanda bila kukagua. Do ya katikati haikutoa sauti. Re ikalia kwa nguvu zote hata nilipoigusa kwa ncha ya kidole. Hapo ndipo nikasikia harufu.

Fundi wa vifaa vya umeme wa Luthuli Avenue mjini alikifungua mbele yangu. Chini ya vibonye kuna ukanda wa mpira wenye vikombe vidogo, na ndani ya kila kikombe mna vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Kidoti kimoja hugusa ubao kabla ya mwenzake, na kinanda hupima muda kati ya miguso hiyo miwili ili kijue umebonyeza kwa nguvu au taratibu. Mkojo ulikuwa umeunganisha njia za shaba zilizopaswa kutengana, kwa hivyo miguso yote miwili ikahesabiwa imefika pamoja, na re ikatoka kama imepigwa kwa ngumi. Juu ya shaba kulikuwa na unga wa kijani, kama ule wa sarafu iliyozikwa. Fundi aliniambia nisingewasha, angeweza kuosha tu. Stima ikipita kwenye chumvi iliyolowa, shaba inaliwa haraka.

Mpira na ubao mdogo: 14,500. Kazi: 6,000. Mikisa nayo haikupona, nyingine kama ile ni 32,000. Jumla 52,500.

Nilikuwa na bima ya nyumba. Wakala aliyeniuzia alinitazama machoni akasema, "Kila kitu kilicho ndani ya nyumba kimelindwa." Nikapeleka dai, picha na ripoti ya fundi. Baada ya wiki tatu nikaletewa barua yenye sababu mbili. Kwanza, hasara iliyosababishwa na mnyama wangu haimo katika orodha ya majanga yaliyotajwa. Pili, kinanda kinatumika kupata pesa, na hati ya bima yangu ni ya vitu vya matumizi ya nyumbani.

Jina la kampuni sitalitaja, na naomba msilikisie. Ninachouliza ni hiki: je, kuna bima yoyote hapa Nairobi inayoweza kukilipa kinanda kilichoharibiwa na paka wako mwenyewe? Kama ipo, niulize maneno gani hasa kabla ya kulipa?


BesiYaUmoja

Pole sana ndugu. Miezi kumi na minne ya akiba si mchezo. Nafuata uzi, nina mbwa wawili na amplifaya sakafuni.


MamaWanne

Pole. Lakini paka alikuwa wako au lile dume? Maana kama ni la mtaa, si mnyama wako. Huoni hapo kuna mlango?


KinandaKahawa

Mama, nimeliwaza hilo. Mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni aliniuliza swali hilo hilo nami nikamjibu kwa ukweli kwamba sikuwepo, sijui ni yupi. Siwezi kuapa kwa kitu ambacho sikukiona. Isitoshe, hata angekuwa wa mtaa, sababu ya kwanza ingebaki: mkojo wa paka, awe wa nani, haumo kwenye ile orodha.


ZamaniMadai

Nimefanya kazi idara ya madai miaka tisa, niliacha nikaenda biashara yangu. Ngoja nieleze polepole, kwa sababu walioumizwa na jambo hili niliwaona wengi na karibu wote walidanganywa na sentensi ile ile ya "kila kitu kimelindwa".

Bima ya nyumba ya hapa Kenya ni kifurushi chenye sehemu kadhaa. Sehemu A ni jengo, na mpangaji haimhusu. Sehemu B ni vitu vya ndani. Sehemu C huitwa hatari zote. Zilizobaki ni za mfanyakazi wa nyumbani, na za madai ya watu wengine dhidi yako kama mwenye nyumba au mkaaji.

Watu wengi hulipia B peke yake wakidhani wamelipia zote. B haisemi "tutalipa kila hasara". Inasema "tutalipa hasara iliyoletwa na haya", halafu inayataja: moto, radi, mlipuko, mafuriko, bomba kupasuka, wizi wa kuvunja mlango na kadhalika. Kisichotajwa hakimo. Mnyama hutajwa mahali pamoja, na hapo pia watu hupotea: kuna kifungu cha nyumba kugongwa na gari au mnyama, na papo hapo hati huongeza kwamba mnyama huyo asiwe wako wala chini ya uangalizi wako. Kifungu hicho ni cha ng'ombe wa watu kuvunja ukuta. Hakihusu paka juu ya kinanda.

C imejengwa kinyume. Inasema inalipa hasara yoyote ya ghafla isiyotarajiwa, isipokuwa iliyokatazwa kwa maandishi. Kwa hivyo kwenye B unatafuta jina la janga lako ndani ya orodha, na kwenye C unaomba usilikute kwenye makatazo. Makatazo ya kawaida ni uchakavu, kuharibika kidogo kidogo, kutu, nondo, wadudu, panya, na kifaa kuharibika chenyewe kwa ndani. Mwisho hapo baadhi ya kampuni huongeza mstari mmoja: kutafuna, kukwaruza, kurarua na kuchafua kunakofanywa na wanyama wa nyumbani. Hapo ndipo pa kuweka kidole. Mstari huo ukiwepo, paka wako hana bima. Usipokuwepo, una hoja ya kusimamia.

Kwa hivyo ndugu Kinanda, jibu la swali lako ni ndiyo, inawezekana, ila kupitia C, kifaa kikiwa kimeandikwa kwa jina, aina na namba yake, na baada ya kusoma makatazo.


BesiYaUmoja

Sasa mbwa wangu akitafuna waya wa amplifaya, nyaya zikagusana, moto ukawaka, sebule ikaungua. Hapo pia watasema mbwa ni wangu?


ZamaniMadai

Swali zuri. Kwenye B janga ni moto, na moto umo kwenye orodha. Kilichouanzisha kikiwa mbwa, mshumaa au mtoto, kwa kawaida moto hubaki moto, ilimradi hukuuwasha kusudi na hakuna kifungu kinachokataa. Nilishaona dai la paka aliyeangusha mshumaa stima ikiwa imepotea. Pazia likashika, likachoma runinga na spika. Lililipwa. Lakini waya wenyewe uliotafunwa bila moto, kwenye B hakuna kitu.

Ndiyo maana nawaomba mtofautishe hasara na chanzo chake. Kabla ya kuandika neno lolote kwenye fomu ya madai, jiulize nini hasa kiliharibu kifaa: moto, kuanguka, maji, meno? Andika ukweli, lakini uandike wote, hatua kwa hatua. Mtu huandika "mbwa aliharibu amplifaya" akaishia hapo, kumbe amplifaya iliunguzwa na moto. Amejifungia mlango mwenyewe.


Pangani_Sauti

Mimi naona mnajisumbua. Ada ya bima unayolipa kila mwaka, weka kwenye sacco. Ikifika siku ya paka, unatoa zako bila kubembeleza mtu. Nimefanya hivyo tangu 2017.


KinandaKahawa

Nakuheshimu kwa hilo, na kwa waya au maiki ya 4,000 nakubaliana nawe kabisa. Lakini fikiria siku ya paka ikifika mwezi wa tatu wa akiba yako. Mimi vifaa vyangu vyote ni kama 250,000. Kwa 2,000 kila mwezi nitafika huko baada ya miaka kumi na zaidi. Na akiba hiyo hiyo mtoto akiugua ndiyo nitaishika kwanza. Naona vyote viwili vina kazi: akiba ya vidogo, bima ya kile ambacho kikienda huwezi kukirudisha.


MwalimuWaGita

Mimi nilikuwa na bima ya vitu vya ndani ya 600,000, gita la 95,000 likaibwa, mlango ukivunjwa waziwazi. Nikalipwa 30,000. Hakuna paka hapo lakini naleta kwa sababu inahusu vyombo vya muziki. Wakaniambia kitu kimoja kisichoandikwa kwa jina hakihesabiwi zaidi ya asilimia 5 ya jumla. Asilimia 5 ya 600,000 ndiyo hiyo 30,000. Nilikaa kitini nikalia, sioni haya kusema.


ZamaniMadai

Mwalimu, pole. Kifungu hicho kimo kwenye hati nyingi. Hati nyingine zinataja piano na runinga kuwa nje ya kikomo hicho, lakini usiweke tumaini hapo kwa kinanda cha umeme, maana utaingia kwenye ubishi wa nini ni piano. Kiandike kwa jina uwe na amani.

Na kuna la pili linalofanana, la kukadiria chini. Tuseme vitu vyako vyote vina thamani ya 400,000, wewe ukaandika 200,000 ili ada iwe ndogo. Ukipata hasara ya 60,000, kampuni itasema ulikata bima ya nusu, nawe utalipwa nusu: 30,000. Halafu wanatoa ekses, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni 5,000, mkononi unapata 25,000. Watu huona ni wizi, lakini imeandikwa. Kila Januari pitia bei za vitu vyako upya, hasa vile vya kuagizwa nje ambavyo dola ikipanda navyo hupanda.


Kabete_Tabibu

Mimi ni daktari wa wanyama. Nimesoma uzi wote na ya bima nawaachia wenyewe, ila nina mambo mawili ambayo naona yamesahaulika, na mojawapo ni la uhai.

Mbwa akitafuna waya wenye stima, na stima yetu ni volti 240, usimshike. Zima swichi ya ukutani au swichi kuu kwanza. Akionekana mzima usiseme yamepita. Anaweza kuwa na majeraha ya kuungua mdomoni ambayo huyaoni, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Mlete hospitali siku hiyo hiyo. Nimepoteza mtoto wa mbwa mmoja kwa sababu mwenyewe alisubiri asubuhi. Alikuwa amekuja na ripoti ya amplifaya iliyoungua, mbwa akabaki nyumbani.

Watoto wa mbwa hutafuna kupita kiasi kuanzia kama miezi mitatu hadi sita au saba, meno ya utoto yakitoka na ya ukubwani yakiota. Fizi zinawauma. Wakati huo nyaya zote zipande juu, na mpe kitu chake cha kutafuna.

Kuhusu paka. Dume lisilohasiwa hunyunyiza mkojo kuweka mpaka, na huchagua mahali penye harufu ya mtu au ya paka mwingine. Kuhasiwa hupunguza tabia hiyo kwa wengi wao. Jike pia linaweza kukojoa nje ya sanduku lake la choo likiwa na hofu, na vita vya usiku ni hofu ya kutosha. Paka aliyekuwa safi miaka miwili akaanza ghafla, mlete apimwe kibofu kabla hujamlaumu. Na dume linalojikakamua bila kutoa mkojo ni dharura, asikae hata usiku mmoja.

Sakafu usiisafishe kwa dawa yenye amonia. Kwa pua ya paka hiyo ni harufu ya mkojo, atarudi hapo hapo.


KinandaKahawa

Daktari, asante kutoka moyoni. Tausi nilimpeleka, kibofu ni kizima. Alikuwa na jeraha la kuumwa shingoni ambalo sikuliona chini ya manyoya. Nilikuwa nimeshughulika na kinanda siku mbili nzima na yeye yuko pale chini ya kitanda. Hilo liliniuma kuliko barua ya bima.


FundiLuthuli254

Nami niseme ya ufundi. Vinanda vya namna hii naletewa, na mikisa nyingi zaidi, kwa sababu mikisa ina joto na paka hupenda kulala juu yake. Manyoya huingia kwenye matundu, feni hukaba, kifaa hupika ndani.

Kikimwagikiwa au kikikojolewa: usiwashe. Chomoa waya ukutani. Kama ni cha betri, toa betri. Kiinamishe upande ambao maji yatatokea, si upande wa kwenda ndani zaidi. Usitumie mashine ya kukausha nywele kwa joto kali, inakunja plastiki na kusukuma maji ndani. Usimwage maji ya sabuni. Kilete siku hiyo hiyo, tunaosha ubao kwa spiriti ya isopropili iliyo safi, tunapiga brashi laini, tunakausha. Mkojo ukikaa wiki moja, chumvi yake imeshakula shaba na hapo ni kuunganisha njia kwa nyuzi, moja moja, kama kushona.

Na kwa ajili ya bima: mwambie fundi asitupe kilichoharibika. Mkadiriaji akija akakuta ubao mpya na wa zamani haupo, atasema hana cha kukadiria. Mimi hufunga vya zamani kwenye mfuko na kuandika tarehe. Ripoti naandika kwa karatasi yenye muhuri: nimekuta nini, nini kimesababisha, bei ya kila kitu. Fundi asiyetaka kuandika ripoti, mwache.


Soko_la_Besi

Na panya je? Mimi sina paka, na kifaa kimeliwa na panya mara mbili.


ZamaniMadai

Panya hukatazwa karibu kila mahali, B na C. Kwa hivyo picha za karibu ni muhimu. Waya uliotafunwa na mtoto wa mbwa una alama pana zilizopondwa. Wa panya una mikwaruzo myembamba iliyolala sambamba, na mara nyingi kinyesi kiko karibu. Kama kweli ni mbwa na hati yako inamlipia, usimwachie mkadiriaji nafasi ya kusema ni panya.


MwalimuWaGita

Swali langu ni la bendi. Wenzangu huacha magita kwangu. Mbwa wangu akivunja gita la mwenzangu?


ZamaniMadai

Kuna sehemu ya kifurushi inayolipa madai ya watu wengine dhidi yako. Mbwa wako akirarua begi la mgeni mlangoni, hapo kuna hoja. Lakini kwa kawaida sehemu hiyo hukataa mali iliyo chini ya uangalizi wako, na gita lililolala kwako wiki nzima linaweza kuhesabiwa hivyo. Njia safi ni kila mwenye gita alikatie bima yake ya hatari zote, na iandikwe kwamba inalinda hata likiwa nje ya nyumba yake.


KinandaKahawa

Wadau, narudi na taarifa. Ilinichukua wiki mbili.

Kwanza malalamiko. Nilisoma hati yangu yote, kurasa 31, nikakubali kwamba sababu ya kwanza ya barua ilikuwa sawa kwa maandishi. Kilichonikera ni wakala. Nimeiandikia kampuni kueleza alichoniambia, na wamenijibu kwa adabu kwamba watalichunguza. Wasiponiridhisha, nitalifikisha kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, pale Zep-Re Place, Upper Hill. Wana idara inayopokea malalamiko ya wenye bima. Juu yao kuna baraza la rufaa za bima lililowekwa na Sheria ya Bima, Sura ya 487. Orodha ya mawakala na mabroka (wanaokutafutia bima kwa kampuni mbalimbali) wenye leseni IRA huitangaza kwa umma. Jina la wangu limo, lakini mimi sikuwa nimeangalia kabla ya kumpa pesa. Angalieni.

Pili, ile sababu ya pili, ya kupata pesa. Hapa kosa ni langu. Fomu iliuliza kama kuna biashara nyumbani nikajibu hapana, kwa sababu sikufikiri wanafunzi watano ni biashara. Kwenye bima wewe ndiye unayejua na kampuni haijui, kwa hivyo unatakiwa kusema yote. Kama unafundisha, unarekodi kwa malipo, au unapiga harusi wikendi, sema. Nimejua sasa kwamba iko bima ya vifaa vya elektroniki ambayo ofisi na studio hukata, na hiyo haiulizi kama unapata pesa, maana ni ya kazi tangu mwanzo.

Nimepitia mabroka watatu. Kila mmoja nilimwandikia barua pepe maswali haya haya, kwa sababu ya mdomoni hupotea:

Kinanda, mikisa, spika na besi, kila kimoja na namba yake, vikikatiwa bima ya jumla ya 250,000: je, hasara ya ghafla inayosababishwa na paka au mbwa wangu mwenyewe inalipwa? Kuna katazo la kutafuna, kukwaruza au kukojoa? Nikifundisha nyumbani kwa malipo inabaki hai? Mnalipa bei ya kununua kipya au mnatoa uchakavu? Ekses ni kiasi gani?

Wa kwanza hakujibu hadi leo. Wa pili alijibu kwa simu, "usijali, iko sawa." Nikamwomba aandike. Hakuandika. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikamwacha.

Wa tatu, dada mmoja mtulivu sana, alichukua siku nne akarudi na jibu la kampuni kwa maandishi. Kuangusha, kumwaga na kukojolea kwa ghafla wanalipa. Kutafuna nyaya na kukwaruza nyavu za spika hawalipi, na hilo wamelisema wazi. Kufundisha wameruhusu na kuliandika kwenye hati. Uchakavu watatoa kwa kifaa kilichozidi miaka mitano. Ekses ni asilimia 10 ya dai, isipungue 5,000. Ada ya mwaka ni 7,500. Juu yake kuna tozo ya mafunzo, asilimia 0.2 ya ada, yaani 15, tozo ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, asilimia 0.25 ya ada, yaani 18.75, na ushuru wa stempu wa 40. Jumla 7,573.75.

Nikipima hasara ya mwezi wa nne kwa masharti haya: 52,500, toa asilimia 10 ambayo ni 5,250, ningelipwa 47,250. Nilifanya hesabu hiyo mara tatu.


Pangani_Sauti

Sawa, kwa masharti hayo nimekuelewa. Unaweza kulipa kwa awamu?


ZamaniMadai

Kumbuka sheria: kampuni hairuhusiwi kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haikupi bima leo. Kuna mpango wa benki kukulipia ada yote nawe ukairudishia benki kwa awamu, lakini ni mkopo wenye riba. Kwa 7,500 sioni haja.

Na ndugu Kinanda, hiyo barua pepe ya majibu ichapishe uibane pamoja na hati. Bora zaidi, mwombe broka maneno hayo yaingizwe kama nyongeza ya hati yenyewe. Mtu aliyeandika barua pepe anaweza kuhama kazi, nyongeza ya hati haihami.


KinandaKahawa

Nimemwomba leo asubuhi, amesema nyongeza itatoka pamoja na hati. Nimelipa kwa M-Pesa, namba ya malipo ya kampuni yenyewe na si ya mtu. Nimepiga picha kila kifaa mbele, nyuma na pale penye namba, pamoja na risiti. Picha nimezituma kwa dada yangu Nakuru, ili nyumba ikiungua zisiungue na simu.

Na chumba nimekipanga upya. Nyaya nimezipitisha ndani ya mabomba ya plastiki ukutani. Mikisa sasa iko kwenye rafu yenye mlango wa wavu. Dirisha nimelitia wavu wa chuma, paka wa nje hapiti. Tausi ana sanduku lake la kulala karibu na jiko, penye joto, na huko ndiko anakolala siku hizi. Chumba cha muziki haingii nikiwa sipo.


MamaWanne

Na kinanda chenyewe unakifunika na nini? Binti yangu ana cha vibonye 61 na tuna paka watatu. Kitambaa wanakivuta.


KinandaKahawa

Mama, kitambaa hakizuii maji, nami nilikuwa nacho. Nilikwenda Gikomba kwa fundi wa mbao, akanitengenezea kifuniko cha plaiwudi nyembamba chenye mdomo unaoshuka sentimita nne pande zote, ndani kimebandikwa sponji, juu kimepakwa vanishi mara mbili. 2,800 pamoja na mbao. Kwa cha 61 kitakuwa chini ya hapo. Pima urefu na upana wa kinanda na adapta ikiwa imechomekwa, maana mimi nilipima bila adapta ikabidi fundi atoboe tundu nyuma siku ya pili.